Kundi la WhatsApp, Instagram, Etsy au maktaba za fani: msanii wa kazi za mikono aweke muda wake wapi?

Mtu anayeishi kwa kazi ya mikono Dar es Salaam, awe mchongaji wa Mwenge, mchoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, mfinyanzi au mtengeneza batiki (kitambaa kinachochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi) kama mimi, hana saa nyingi za kukaa na simu. Nta ikishayeyuka haisubiri, na rangi ya mafuta iliyoachwa wazi hufanya ngozi juu ya kopo wakati mwenyewe bado anajibu ujumbe. Hata hivyo, swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu siku hizi si la rangi wala la kitambaa, bali ni la wapi pa kujiunga mtandaoni. Anayeuliza kwa kawaida ameshajiunga kila mahali: ana akaunti nne, kila moja imelala nusu, na hakuna hata moja inayomlipia kodi ya banda.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne: kundi la WhatsApp la mafundi wa fani moja, ukurasa wa Instagram, soko la kimataifa la Etsy, na zile hazina za maarifa ambazo mafundi wa nchi mbalimbali wamezijenga kwa miaka, nitakazoziita maktaba za fani. Vyama na taasisi nitavigusa kwa ufupi baadaye, kwa sababu navyo siku hizi hutangaza mambo yao kupitia simu hizi hizi.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni nani anayekujibu. Ukiweka picha ya kazi yako, je, anayesema neno ni mwenzako anayejua nta ikipoa kupita kiasi hupasuka, au ni mteja anayetaka kujua kama inafuliwa kwa mashine? Wote wawili wana thamani, lakini hawafanyi kazi moja. Kigezo cha pili ni gharama yote kwa pamoja: bando, makato ya soko, na saa unazozitoa kwenye kazi. Cha tatu ni kile kinachobaki baada ya miezi sita, yaani kama jibu ulilopewa Machi utalipata Agosti. Cha nne ni usalama wa kazi yako, nani anaweza kuinakili na nani ana mamlaka juu ya mahali ulipoiweka.

Idadi ya wafuasi sikuiweka miongoni mwa vigezo, na sikuisahau. Nimewaona mafundi wenye wafuasi wengi wanaokopa nauli ya daladala.

Kabla ya kusoma mbele, inafaa ujiulize unachopungukiwa. Msanii hupungukiwa mteja, au maarifa, au mwenzake wa kumuuliza, na wengi wetu tunaposema "sina wateja" huwa tunapungukiwa kimojawapo kati ya hivyo viwili vingine. Bei mbaya na rangi inayochuja hufukuza wateja ambao tayari walikuja.

Kundi la WhatsApp la mafundi

WhatsApp huruhusu hadi watu 1,024 katika kundi moja, lakini kundi la mafundi lenye uhai huwa la watu arobaini au sitini ambao wengi wao wanajuana sura. Anayejibu hapa ni mwenzako, anajibu kwa Kiswahili, na anajibu haraka, kwa sababu naye jana alikwama palepale ulipokwama wewe leo. Ukiuliza duka gani la Kariakoo lina haidrosalfaiti, ile kemikali ya kuyeyushia rangi za batiki, ambayo haijalala stoo mpaka ikapoteza nguvu, jibu linakuja kabla hujafunga kopo. Mafundi huchanga wakanunua gunia la nta pamoja, hupeana oda iliyomzidi mmoja, na huonyana kuhusu dalali anayechukua mzigo kwa mali kauli kisha akabadilisha namba ya simu.

Lakini faida kubwa ya kundi ni mazungumzo ya bei, ambayo sijayaona mahali pengine yakifanyika kwa uwazi kama huo. Wakati fulani niliweka kundini picha ya shuka la kitanda la batiki lililopita kwenye nta mara mbili na rangi tatu, nikaandika na bei niliyokwisha kumtajia mteja. Mama mmoja mtu mzima wa Temeke, ambaye hapendi kuandika, akatuma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hapo unauza au unatoa sadaka? Kuni umehesabu? Maji ya kusuuza umehesabu? Na hizo siku mbili mgongo umeinama, nani anazilipa?" Nilikuwa nimehesabu kitambaa, rangi na nta. Kuni, maji na siku zangu mwenyewe zilikuwa hazimo kabisa. Shuka lile liliondoka kwa bei ileile ya hasara, kwa kuwa neno nilikuwa nimeshalitoa, ila oda iliyofuata niliihesabu upya kwa kalamu na karatasi huku nikimsikiliza yule mama kwa mara ya pili.

Gharama ya pesa ni ndogo, kwa sababu hata bando dogo hutosha. Gharama ya muda ndiyo inayouma: salamu za asubuhi, michango ya misiba na harusi, na video zilizosambazwa mara nyingi hukizika kile ulichokuja kukitafuta. Kinachobaki ni kidogo. Jibu zuri la Machi linakuwa chini ya maelfu ya jumbe, na ukibadilisha simu bila kuhifadhi mazungumzo linakwenda na simu. Admini mwenye bidii hupunguza tatizo kwa kubandika juu jumbe muhimu, na mimi nina daftari ambamo huandika kila kipimo cha rangi kilichojaribiwa na mwenzangu kikakubali.

Kuhusu usalama, nitasema wazi kwamba anayenakili kazi yako kwa urahisi zaidi ni jirani yako wa banda, kwa kuwa ana zana zilezile na wateja walewale. Mchoro mpya usiutangulize kundini kabla hujauuza mara ya kwanza. Njia hii inamfaa zaidi anayeanza, anayenunua malighafi mara kwa mara, na yeyote anayekadiria bei peke yake gizani.

Instagram

Instagram, iliyoanza mwaka 2010, ni dirisha la duka, na kwa hiyo anayejibu ni mpita njia. Katika Dar es Salaam huyo mara nyingi ni mtu anayepamba nyumba, anayetafuta zawadi ya harusi, mwenye hoteli ndogo, au mgeni ambaye atakuja mjini mwezi ujao na anataka kujua aelekee wapi. Swali lake la kwanza huwa neno moja tu: "Bei?" Wapo wasanii wanaojibu "njoo inbox", na sikubaliani nao. Anayeficha bei huonekana anaipima kwa sura ya mteja, na wateja wengi hawarudi kuuliza mara ya pili. Andika bei, andika vipimo kwa sentimita, na andika kazi ilipo.

Gharama hapa iko kwenye picha. Chukua kinyago cha mpingo: ukikipiga picha saa saba mchana nje ya banda, jua la Dar linakipa mng'ao mmoja mkali kwenye paji la uso, na sehemu nyingine yote inakuwa doa jeusi lisilo na kidole wala kope. Kisogeze mlangoni saa mbili asubuhi, kivulini, weka kanga nyeupe iliyochakaa upande wa pili ili irudishe mwanga, na ghafla alama za patasi ulizoziacha kwa makusudi zinasomeka. Mchoro wa Tingatinga una shida ya kinyume chake, kwani rangi ya mafuta inang'aa kama kioo na hukamata sura ya mpiga picha. Huo husimamishwa wima na kupigwa kwa pembe kidogo. Batiki haitandazwi chini, bali inaanikwa mwanga ukitokea nyuma, na ile mishipa myembamba ya nta iliyopasuka inaonekana yote. Kazi hiyo inakula saa moja au mbili kwa juma, na video hula bando kuliko kitu kingine chochote.

Kinachobaki ni albamu nzuri ya kumwonyesha mteja yeyote, mradi ukumbuke kwamba ukuta si wako. Akaunti ikidukuliwa au ikifungwa, picha na wateja vinakwenda pamoja, kwa hiyo picha halisi zikae mahali pengine na namba za wateja wako ziandikwe. Kuhusu kunakiliwa, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki Tanzania, inailinda kazi ya sanaa kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Ikumbukwe tu kwamba kinacholindwa ni mchoro wako ulivyouchora, wala si wazo la kuchora twiga jioni. Tangu Edward Saidi Tingatinga afariki mwaka 1972, mikono mingi imechora wanyama kwa mtindo wake, na mitindo haina hati. Hifadhi michoro ya awali yenye tarehe.

Instagram inamfaa aliye na kazi tayari dukani, anayeweza kujibu siku hiyohiyo na kupeleka mzigo kwa bodaboda. Anayefanya kazi mbili tu kwa mwaka hapati mengi hapa, isipokuwa heshima.

Etsy

Etsy ni soko la kazi za mikono lililoanzishwa Brooklyn mwaka 2005, na tofauti yake na Instagram ni kwamba anayeingia humo ameingia kununua. Anayejibu ni mteja wa mbali, kwa Kiingereza au lugha nyingine ya kwao, na anataka jibu lenye vipimo, siku za kusafirisha na utaratibu wa kurudisha.

Jambo la kwanza, kabla hata ya picha, ni kufungua orodha ya nchi ambazo Etsy hulipa wauzaji wake kupitia mfumo wake wa malipo na kuangalia kama Tanzania imo siku hiyo, kwa kuwa duka jipya hutegemea orodha hiyo. Wengine huuza kupitia ndugu au mshirika anayeishi katika nchi iliyomo. Inawezekana, lakini elewa kwamba kwa mujibu wa soko duka ni la huyo mshirika, sifa zinazoandikwa na wanunuzi ni zake, na mkikosana unabaki na kazi zako mkononi. Andikianeni mapema.

Makato yanahesabika, na ni vizuri kuyahesabu kabla ya kushangilia dola. Kila kitu unachokiorodhesha hulipiwa senti 20 za dola kwa miezi minne, na kikiuzwa soko linakata asilimia 6.5 ya bei pamoja na gharama ya usafirishaji uliyomtoza mteja. Tuseme batiki ni dola 40 na usafirishaji dola 30: asilimia 6.5 ya 70 ni dola 4.55, ongeza zile senti 20, jumla dola 4.75. Kama mteja alifika kupitia matangazo ambayo Etsy huyaweka nje ya soko lake, duka dogo hukatwa asilimia 15 nyingine, yaani dola 10.50. Kwenye ile 40 unabaki na dola 24.75, na ada ya kuchakata malipo bado haijatolewa. Duka ambalo mauzo yake hayajafika dola 10,000 kwa mwaka linaweza kujitoa kwenye matangazo hayo, na wengi hawajui.

Uzito ndio unaoamua. Batiki inakunjwa ikaingia kwenye bahasha, na mchoro wa turubai unaviringishwa kwenye bomba. Mpingo, kinyume chake, ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini kinazama, na kinyago cha urefu wa mkono kinaweza kulipiwa usafiri kuliko bei yake. Kuna na sheria yake pia: jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iliingizwa mwaka 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliviachia vitu vilivyokwisha kutengenezwa ambavyo mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, jambo linalowapa nafuu wauza vinyago vidogo. Vibali vya ndani huulizwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Na anayepaka mti mwingine kiwi nyeusi akauita mpingo, mteja wa mbali ataukwangua kwa kisu na kuandika alichokiona, mahali ambapo kila mnunuzi anayefuata atasoma.

Maandishi hayo ya wanunuzi ndiyo yanayobaki, na duka lenye sifa nzuri za miaka mitatu ni mali. Zaidi ya hapo, mwongozo wa wauzaji wa Etsy unasomwa bure hata na asiye na duka, na sura zake za kupanga bei na kufungasha zina manufaa hata kwa anayeuza Kariakoo tu. Soko lenyewe linamfaa mwenye bidhaa nyepesi, inayoweza kurudiwa kwa ubora uleule, na mwenye subira ya miezi kadhaa bila mauzo.

Maktaba za fani

Hapa pana mafundi wanaozungumza na mafundi, wengi wao kwa Kiingereza. Wafumaji wana Ravelry, iliyoanza mwaka 2007, yenye vielelezo vingi mno vya kufuma na kushona kwa sindano ya kulabu. Wafinyanzi wana Glazy, ambayo ni hazina ya wazi ya michanganyiko ya glezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika chombo. Video za mafunzo kwenye YouTube zipo kwa kila fani. Gharama ni bando na uvumilivu wa lugha, na kwa kigezo cha kinachobaki hazina mshindani: swali lililojibiwa miaka kumi iliyopita bado linasomeka pamoja na mabishano yake yote. Hatari ya kunakiliwa ni ndogo, maana wewe ndiye unayechukua. Ila kielelezo cha mtu kina masharti yake, na kuuza kazi iliyotokana nacho kunahitaji kuyasoma.

Ugumu wake ni kwamba maarifa haya yamezaliwa kwenye malighafi ya kwingine. Mchanganyiko wa glezi utakaoukuta umeandikwa kwa koni 6, ambayo ni joto la takriban nyuzi 1,220, wakati mfinyanzi anayechoma vyungu kwa moto wa wazi kwa kawaida hafikii nyuzi 1,000. Kwake glezi ile ni vumbi tu litakalobaki vumbi. Mwenye tanuri la umeme atakuta tatizo jingine: kaolini, ule udongo mweupe wa ufinyanzi, iliyotajwa inachimbwa Marekani. Sisi tunayo ya kwetu, kwenye vilima vya Pugu, umbali mfupi kutoka mjini, lakini huwezi kuibadilisha gramu kwa gramu bila kuchoma vigae vidogo vya majaribio. Hata wafumaji wana mtego wao, kwani jina moja la fundo lina maana moja Marekani na nyingine Uingereza, na kitambaa cha kochi kinatoka nusu ya ukubwa uliokusudiwa.

Mimi niliunguzwa na neno "soda". Somo la batiki nililolifuata lilitumia rangi zinazoshikana na pamba kwa msaada wa magadi soda, ilhali rangi za kopo nilizokuwa nazo ni zile zinazotaka kostiki soda na haidrosalfaiti ndipo ziyeyuke. Nilichanganya ya huku na ya kule. Mita kumi za pamba zilitoka na buluu ya kupendeza ambayo ilikwenda yote na maji ya kwanza ya kusuuza. Niliporudi kulisoma somo upya, onyo lilikuwepo, aya ya pili. Nilikuwa nimeiruka.

Njia hii inamfaa fundi aliyekwisha kukomaa, anayejua malighafi yake vya kutosha kutambua pale ushauri usipomhusu.

Vyama na taasisi

Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, ina karakana, maonesho na mafunzo, na matangazo yake hupatikana mtandaoni. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililopo tangu mwaka 1973, ni la kuwaza pale kazi inapoelekea kuwa kiwanda kidogo. Usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ni wajibu wa msanii, kwa hiyo hauingii kwenye ulinganisho huu. Kikundi kinachotafuta wanunuzi wa biashara ya haki kitasikia habari za WFTO, shirika la kimataifa la biashara hiyo, na kanuni zake 10. Huo ni mzigo wa kikundi chenye mahesabu yaliyoandikwa, mtu mmoja na banda lake hauwezi.

Kwa hali yako

Ikiwa una mwaka mmoja au miwili kwenye fani na bado unakisia bei, tafuta kundi la WhatsApp la wenzako kabla ya kufungua ukurasa wowote, na uombe kuingizwa na mtu anayekufahamu. Ikiwa una kazi ishirini zimekaa dukani na unaishi karibu na wateja wenye uwezo, Instagram itakurudishia saa zako mapema zaidi, mradi bei iandikwe. Mwenye batiki, shanga, ukili au michoro ya kuviringisha, anayeweza kutoa kumi zinazofanana na ana mshirika au njia halali ya kupokea malipo, afanye hesabu ya Etsy kwa karatasi kwanza, akiweka makato yote, kisha aorodheshe vitu vitano, si hamsini. Mchongaji wa vinyago vikubwa asihangaike na usafirishaji wa mbali. Picha zake ziwavute wateja waje Mwenge wachague wenyewe.

Ambaye wateja wanarudisha kazi yake, kwa sababu inachuja, inapasuka au inafumuka, asitafute wateja wapya kwa sasa, bali aende kwenye maktaba za fani, akiwa na kamusi na kitambaa cha kufanyia majaribio, kisha alete alichokipata kundini ili wenzake wamwambie kama kinawezekana kwa malighafi ya Kariakoo. Anayejiandaa na Sabasaba aanze kuweka picha mwishoni mwa Mei na kutaja namba ya banda mara tu anapoijua, maana mteja anayepita maonesho yale akitafuta "yule wa batiki" bila namba huishia kwa mwingine.

Na mwenye saa moja tu kwa juma aigawe hivi: nusu saa ya Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa picha mbili za kazi iliyokamilika, nusu saa iliyobaki kujibu maswali ya wenzake kundini, akianza na lile ambalo halijajibiwa na mtu.